Injini Isiyo na Plagi

Niliinunua Mchikichini kwa shilingi elfu tatu. Ilikuwa chini ya rundo la midoli ya mitumba, kati ya gari la plastiki lisilo na tairi na mwanasesere asiye na mkono, na muuzaji mwenyewe hakujua ni nini. "Kaka, hiyo ni pampu ya kupulizia dawa," aliniambia. Akafikiri kidogo, akabadilisha: "Au ya kupaka rangi." Kilikuwa kitu cha chuma na aluminiamu, kinaenea kwenye kiganja, chepesi kuliko betri moja kubwa ya tochi. Nyuma kilikuwa na kitenki kidogo. Nilipokizungusha mbele kwa kidole kiligoma, kisha kikapumua: pff.

Kitu kinachopumua namna ile ni injini. Hilo nalijua kwa sababu nimekulia kwenye gereji. Baba yangu amekuwa fundi wa pikipiki kwa zaidi ya miaka 30, tangu enzi za zile za kuchanganya oili na petroli hadi hizi za bodaboda. Kwa hiyo sikwenda nayo kwangu, nilikwenda nayo kwake.

Baba aliigeuza mara mbili, akavaa miwani, akaigeuza tena. "Plagi iko wapi?" akauliza. Haikuwepo. "Waya wa koili unaingilia wapi?" Hakuna. Alizungushia kitambaa kwenye koleo, akafungua kichwa cha silinda, akaichungulia pistoni. "Na ringi haina. Haina plagi, haina koili, haina ringi. Sasa hii inawaka na nini, mwanangu?"

Ndipo akakigeuza kile kichwa juu chini, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Katikati palikuwa na kawaya kamesokotwa kama springi, kembamba kama unywele. Akacheka. "Aa! Hita. Hii ni hita, kama ya gari la dizeli."

Alikuwa amepatia nusu. Nusu iliyobaki ilinichukua wiki kadhaa za kusoma, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Kitu nilichonunua kilikuwa Cox ya inchi za ujazo 0.049, injini ya ndege ndogo za modeli kutoka California, ya aina ambayo wenyewe huiita injini ya glo. Kwa kipimo chetu ni kama cc 0.8. Bodaboda inayopita mlangoni kwako ni cc 125 au 150, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kwa karibu nusu karne injini za ukoo huu ndizo zilizorusha ndege ndogo duniani. Leo ukienda kwenye uwanja wa wapenzi wa ndege hizo, Marekani au Ujerumani au Japani, utasikia zaidi mvumo wa mota za umeme, na injini za glo utazikuta kwa wazee wachache walio pembeni. Nilitaka kujua nini kilitokea.

Nianze na ile nusu aliyokosea Baba. Hita ya dizeli kazi yake kubwa ni asubuhi: inapasha silinda joto, injini ikishawaka inapumzika, na mgandamizo wa hewa unaendelea na kazi. Waya wa injini ya glo haupumziki. Unauunganisha na betri ya volti moja na nusu mpaka unakuwa mwekundu, unaweka mafuta, unaipiga rafadha kwa kidole, injini inanguruma. Halafu unaiondoa betri kabisa, unaiweka chini kwenye majani, na waya hauzimiki. Ndege inaruka bila betri, bila koili, bila cheche yoyote, na ule waya unaendelea kuwaka maelfu ya mara kwa dakika.

Siri yake ni madini na mafuta. Waya ni wa platini, na mafuta ni methanoli. Mvuke wa methanoli ukigusa platini yenye joto, kunatokea mmenyuko wa kikemia juu ya uso wa waya wenyewe, na mmenyuko huo unatoa joto. Joto hilo likijumlishwa na la mlipuko uliopita linautunza waya mpaka mlipuko unaofuata. Petroli haina tabia hiyo. Mwanakemia wa Uingereza, Humphry Davy, alikwishaona jambo linalofanana na hili mwaka 1817: waya wa platini uliopashwa moto uliendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa, bila mwali. Ilichukua miaka 130 mpaka mtu akaliweka jambo hilo juu ya pistoni na kulifunga kwenye pua ya ndege.

Mtu huyo alikuwa Ray Arden, Mmarekani, mbunifu wa vitu vya kila namna. Plagi yake ya glo iliingia sokoni mwaka 1947. Ili uelewe kwa nini iliwatia watu wazimu, inabidi urudi nyuma kidogo uone walikuwa wakibeba nini.

Mwanzoni ndege za modeli ziliendeshwa na mpira. Unausokota mpira, unauachia, rafadha inazunguka mpaka mpira uishe. Halafu katika mashindano ya taifa ya Marekani mwaka 1933, kijana wa Philadelphia aitwaye Maxwell Bassett alikuja na ndege yenye injini ndogo ya petroli iliyoundwa na mwenzake, Bill Brown, akawafunika watu wa mpira. Ikabidi waandaaji watenganishe makundi. Brown akaanza kuuza injini yake, Brown Junior, na mchezo ukabadilika. Lakini injini zile za cheche zilikuwa na familia kubwa ya kulisha: koili, kondensa, platini za kukatia moto, waya na betri. Yaani injini inazalisha nguvu, kisha sehemu nzuri ya nguvu hiyo inatumika kuinua mzigo wa vitu vya kuiwashia. Kwenye gari hilo si tatizo. Kwenye ndege inayopimwa kwa gramu, ni sawa na kumpandisha konda na mkewe na watoto ndani ya daladala, halafu ushangae abiria wamekosa nafasi.

Arden aliishusha familia yote ile. Betri ikabaki chini. Kwa muda mfupi sana watengenezaji wakaacha cheche wakahamia glo, na injini za koili zikawa za makumbusho. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu wazee wanaolilia injini za glo leo mara nyingi wanalisahau: glo yenyewe iliingia kwa kuua. Kulikuwa na watu mwaka 1946 waliojua kurekebisha platini za kukatia moto kwa unene wa karatasi, na mwaka 1950 ujuzi wao haukuwa na mnunuzi.

Baada ya hapo ikawa zamu yake kutawala. Kule California, Leroy Cox alizitengeneza injini ndogo kwa mashine za usahihi mkubwa na kuziuza kwa mamilioni, nyingi zikiwa tayari zimefungwa kwenye ndege za plastiki ambazo mtoto angeweza kuzipata kama zawadi ya Krismasi. Ndege hizo ziliruka kwa kuzunguka, zimeshikwa na kamba mbili, mtoto amesimama katikati anazunguka nazo mpaka kizunguzungu. Mjini Fort Smith, Arkansas, kulikuwa na Duke Fox na injini zake. Italia kulikuwa na Super Tigre. Osaka, Shigeo Ogawa alikuwa ameanza kutengeneza injini ndogo tangu 1936, na herufi za jina lake, O.S., zikaja kuwa alama inayojulikana kila penye uwanja wa ndege ndogo. Waingereza kwa ukaidi wao walibaki muda mrefu na dizeli ndogo zinazotumia etha, mafuta ya taa na mafuta ya mbarika, lakini hata wao glo iliwafikia.

Nilipomweleza Baba habari ya ringi, ndipo aliposhika heshima. Cox haina ringi kwa sababu pistoni na silinda zimesagwa mpaka zinaingiliana kwa usahihi ambao jicho haliuoni. Ukiziweka kavu mkononi, mgandamizo wake unausikia kwenye kidole. "Kitu cha mtoto?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, Baba, kitu cha mtoto. Akaifuta kwa kitambaa safi.

Sasa tuje kwenye sauti, maana nadhani huko ndiko kilikozikwa kitu chenyewe.

Injini ya glo ina kiungo kimoja tu cha kurekebisha kabla ya kuruka: sindano ya kabureta. Ukiifungua, mafuta mengi yanaingia, injini inatoa sauti nzito, inakohoa, kama inaruka pigo moja katika kila mawili. Ukiikaza polepole, inafika mahali sauti inapanda ghafla, inakuwa nyembamba na safi. Mgeni atafurahi hapo na kurusha. Mwenyeji hafurahi bado. Anainyanyua ndege, pua juu, ili mafuta yapande kwa taabu kutoka kwenye tenki, anasikiliza kama sauti inalegea. Ikilegea, anaifungua sindano kidogo. Anajua pia kwamba ikishakuwa hewani rafadha itapata wepesi, mizunguko itaongezeka, na injini iliyokuwa sawasawa ardhini itakuwa na njaa angani. Kwa hiyo anairusha ikiwa na mafuta kidogo zaidi ya yale sikio linayoyataka. Na yote hayo yanabadilika na joto la siku, unyevu wa hewa, aina ya waya, na kiasi cha nitromethani kilichotiwa kwenye methanoli.

Hakuna geji. Ni sikio na kidole, na mara nyingi kidole hicho kina kovu, maana rafadha ile haina adabu.

Jioni moja nilimwonyesha Baba video ya mzee mmoja wa Ulaya anawasha injini ya glo kwenye meza ya majaribio. Nilimpa simu bila maelezo. Baba hajui Kiingereza cha video zile, na hajawahi kuiona injini ya namna hiyo ikifanya kazi. Alisikiliza sekunde kumi hivi, akasema, "Kaikaza mno. Afungue." Mzee wa kwenye video hakufungua. Muda si muda sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama mbu, injini ikafa. Baba akanirudishia simu kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Miaka 30 ya kabureta za pikipiki ilitosha kumpa ugonjwa wa injini iliyo bara jingine, inayokunywa mafuta asiyoyajua.

Basi, nini kiliiua?

Jibu la haraka ni betri, na si uongo. Lakini umeme ulibisha hodi kwa muda mrefu sana kabla ya kufunguliwa. Tarehe 30 Juni 1957, Kanali H. J. Taplin wa Uingereza alirusha ndege yake ya rimoti, Radio Queen, kwa mota ya umeme na betri za fedha na zinki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kijerumani ya Graupner iliuza ndege ndogo ya umeme iliyobuniwa na Fred Militky. Huyo Militky hakuishia kwenye midoli: Oktoba 1973, huko Wels, Austria, ndege aliyoifungia umeme ilipaa ikiwa na binadamu ndani, rubani Heino Brditschka. Mwaka uliofuata, kule Marekani, ndugu wawili, Robert na Roland Boucher, walirusha ndege isiyo na rubani inayotumia nguvu za jua. Kwa hiyo wazo lilikuwepo, na watu wenye akili walikuwepo. Kilichokosekana ni wepesi. Betri za nikeli na kadmiamu zilikuwa nzito, na mota za wakati ule zilikuwa na brashi, zile ambazo mafundi wetu huziita kaboni, zinazosuguana, zinakula nguvu na kuisha. Mtu wa glo alikuwa na haki ya kucheka.

Na hesabu ilikuwa upande wake. Kilo moja ya methanoli ina nishati zaidi ya mara 20 ya ile iliyo kwenye kilo moja ya betri, hata ukichukua betri nzuri za leo. Ukiangalia namba hiyo peke yake, utasema umeme hautashinda milele. Lakini injini ndogo ni mpotevu mkubwa: sehemu kubwa ya nishati ile inatoka kama joto, kelele, na mafuta ambayo hayakuungua yanayolowesha mabawa. Mota nzuri ya umeme inageuza zaidi ya robo tatu ya inachopewa kuwa mzunguko. Pengo bado lilikuwepo, ila lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana. Palihitajika msukumo.

Msukumo haukutoka kwa watu wa ndege. Katika miaka ya 1980 zilipatikana sumaku za neodimiamu, ndogo na kali mno, na soko lake lilikuwa kompyuta na viwanda. Mwaka 1991 Sony iliingiza sokoni betri ya lithiamu kwa ajili ya vifaa vya kubeba mkononi. Kisha ikaja simu. Kila mmoja wetu aliyenunua simu, hata ile ya tochi na mchezo wa nyoka, alichangia kidogo gharama ya utafiti wa kufanya betri ziwe nyepesi na vidhibiti vya umeme viwe vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, lithiamu polima ilipoingia kwenye ndege za modeli, kazi ngumu ilikuwa imekwisha kulipiwa na watu ambao hawajawahi kuigusa ndege ndogo. Injini ya glo iliuawa, kwa sehemu, na simu iliyo mfukoni mwako.

Ila kuna sehemu ya habari hii ambayo nilikuwa siijui, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mota zisizo na brashi za wakati ule zilikuwa ghali. Basi wapenzi wa ndege, Ulaya na Marekani, wakagundua kwamba kila kompyuta mbovu ina mota ndogo isiyo na brashi, ndani ya kile kisanduku cha kusomea CD. Wakaanza kuzichokonoa. Waliutoa waya wa kiwandani, wakasuka mwingine mnene kwa mkono, raundi kwa raundi, wakang'oa sumaku dhaifu na kubandika za neodimiamu kwa gundi, wakafunga rafadha, wakarusha. Wakaandikiana: mimi nimesuka raundi kadhaa, wewe jaribu kadhaa. Viwanda vilikuja baadaye na kuzitengeneza mota za muundo ule kwa maelfu.

Nilipomsimulia Baba aliitikia kama ni jambo la kawaida. "Kusuka mota," akasema. Kwetu ni kazi ya kila mtaa. Kila penye feni mbovu na pampu iliyoungua pana mtu amekaa kwenye stuli anasuka mota. Kwa hiyo yale mapinduzi ya umeme yaliyomfukuza fundi wa sindano na sikio yalianzishwa kwa kiasi fulani na fundi mwingine mwenye waya na koleo, na pengine mara nyingi alikuwa mtu yule yule.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ndege za povu zilikuja zimekamilika ndani ya boksi: bandika bawa, chomeka betri, rusha. Zamani ili ujifunze ulihitaji mwalimu klabuni, wa kukuonyesha hata jinsi ya kuiwasha. Sasa mtoto na mama yake wanakwenda uwanja wa jirani. Hakuna moshi, na mikono haina mafuta. Hakuna jirani anayepiga simu kulalamikia kelele, na hilo si dogo, kwa sababu miji ilikuwa inapanuka mpaka kwenye viwanja vyao. Waliotaka ndege kubwa na injini ya kweli walihamia injini ndogo za petroli, ambazo mafuta yake yanapatikana kila kituo. Glo ikabanwa pande zote mbili.

Kisha ikaja mikono ya biashara na serikali. Januari 2018 kampuni ya Hobbico ya Marekani, iliyokuwa ikisambaza injini za O.S. nchini humo, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na sehemu kubwa ya mali zake ikaenda kwa mshindani. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni iliyoanza kutumika Februari 2021, ulizuia watu wa kawaida kununua bila kibali mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16, kwa hofu ya watengeneza mabomu. Mzee aliyekuwa na galoni lake stoo akajikuta katika sentensi moja na magaidi.

Haijafa kabisa, tuseme kweli. Japani bado zinatengenezwa. Kwenye mashindano ya mwendo kasi ya ndege za kamba, injini za cc 2.5 zinazokunywa methanoli na mafuta ya kulainishia tu bado zinakimbia karibu kilomita 300 kwa saa. Na ukoo huu uliwahi kutoa shujaa wakati jua lake likizama. Agosti 2003, Mmarekani Maynard Hill na wenzake walirusha ndege ya modeli isiyofika kilo 5 kutoka Newfoundland, Kanada, ikavuka Atlantiki na kutua Ireland baada ya saa zaidi ya 38. Hill alikuwa na miaka 77, macho yake yamefifia na masikio hayasikii vizuri. Injini yake ilikuwa O.S. ya mipigo minne, iliyozaliwa ya glo. Lakini ili iweze kunywa kidogo kwa safari ndefu vile, waliivua plagi ya glo wakairudishia cheche. Kile kilichotupwa mwaka 1947 ndicho kilichovuka bahari.

Unaweza kuniuliza, msomaji, haya yote yanatuhusu nini. Wazungu walikuwa na midoli, wakabadilisha midoli, wakalia kidogo, wakaendelea. Na kusema kweli wengi wao mabadiliko hayakuwaumiza. Waliuza injini za zamani wakanunua betri. Anayepoteza burudani hapotezi chakula.

Lakini betri zile zile na mota zile zile zimekwishafika. Tangu 2016 ndege za umeme zisizo na rubani zinapeleka damu hospitalini Rwanda. Mwaka 2018 nyingine ilijaribiwa kwetu, ikibeba dawa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, juu ya maji ya ziwa. Nani atapinga hilo? Mama anayevuja damu hana haja ya kusikia sindano ya kabureta. Na mitaani, pikipiki za umeme zinaongezeka Kigali, Nairobi, na sasa Dar. Kile kilichowapata wazee wa glo kwa miaka kumi na kitu kinakuja kuipata gereji ya Baba, na huku kwetu si burudani. Ni ada ya shule, ni kodi ya fremu, ni vijana wawili anaowafundisha.

Nilikuwa na jibu la huzuni tayari kichwani, kwamba sikio la Baba litakuwa kama platini za kukatia moto za mwaka 1946. Zile mota za CD ndizo zilizonifanya nisite. Waliozisuka waliokoka kwa sababu kifaa kilikuwa na skrubu, kikafunguka, na hakuna aliyewakataza. Pikipiki ya umeme ya kijana wa jirani yetu ina betri iliyofungwa kwa gundi na stika ya kuonya usifungue, na ikigoma inarudishwa kwa mwenye kampuni. Injini ya Cox, kitu cha mtoto, Baba aliifungua kwa koleo na kitambaa katika dakika mbili, akaielewa nusu bila kuuliza mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko petroli na umeme. Fundi anaweza kuhama kutoka moto kwenda sumaku. Hawezi kuhamia kwenye boksi lililozibwa.

Baba aliniuliza kama tunaweza kuiwasha. Nikamweleza kuhusu methanoli: ni sumu, inapofusha, inaua. Nilimkumbusha Mei 2014 kule Kenya, makumi ya watu walipokufa Embu, Kitui, Kiambu na kwingine kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sikutaka chupa ya kitu hicho ikae kwenye gereji yenye watu wenye kiu. "Basi iache," alisema. "Si lazima iwake." Ipo kwenye rafu yake, kando ya redio. Kila Jumapili nikienda naikuta imepakwa oili, na nikiizungusha kwa kidole inapumua vizuri kuliko siku niliyoinunua.

Wiki iliyopita nilimkuta amechuchumaa nyuma ya ile pikipiki ya umeme ya jirani, anaikagua mota iliyo ndani ya gurudumu. Kijana mwenyewe amesimama pembeni, ana wasiwasi na stika zake.

"Humu ndani kuna kaboni?" Baba akaniuliza.

"Hakuna, Baba. Ni kama zile za CD. Sumaku na waya."

"Waya wa kusukwa?"

"Wa kusukwa."

Akanyanyuka taratibu, mkono kwenye kiuno, akamgeukia kijana. "Siku ikiungua," akamwambia, "usiwape. Niletee mimi kwanza."